Moto wa dohani: unavyoanza, we ufanye nini, na watu wa faya wanauzimaje (mwongozo kamili)

Mtu mwenye meko au jiko la kuni ndani ya nyumba akili yake yote huwa kwenye cheche, isije ikarukia zulia au kochi, na ni sawa kabisa kuwa makini hapo. Lakini kuna moto mwingine unaowaka juu ya kichwa chako ndani ya bomba la moshi, yaani dohani, mahali ambapo huoni kitu, na huo hauji ghafla hata kidogo, unakuwa umeuandaa mwenyewe wiki hadi wiki kwa jinsi unavyowasha. Afu ukishatokea, kuuzima sio kazi ya kumwaga maji mengi kama watu wanavyodhani, ni kazi ya kuunyima hewa, kutumia maji kidogo sana au kutotumia kabisa, na kukagua mbao zote zilizo jirani na dohani kwa uvumilivu. Nimeandika kwa urefu kwa sababu maelezo mafupi ya hii kitu ndo yanawapa watu ujasiri wa kufanya mambo ya hatari.

Kinachowaka ni nini

Kuni ikipata moto inatoa gesi, lami na mvuke wa maji. Moto ukiwa mkali na hewa inatosha, hizo gesi zinaungua palepale mekoni na ukitoka nje ukaangalia juu unaona moshi kidogo sana. Moto ukiwa mvivu gesi zinatoroka bila kuungua, zinapanda na bomba, na zikikutana na ukuta ulio chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi zinageuka matone na kunata pale, kama mvuke unavyojikusanya chini ya kifuniko cha sufuria, ila kinachobaki hapa sio maji matupu, ni kitu cheusi chenye lami kinaitwa kreosoti, na kinaungua vizuri sana.

Kreosoti ina madaraja 3 na kila mfagia dohani anayajua. La kwanza ni masizi makavu ya unga, brashi inayatoa bila shida. La pili ni magamba meusi magumu yanayong'aa, hapo brashi inahangaika. La tatu ndo baya kuliko yote, lami iliyoganda ikashikana na ukuta, nyeusi tii, brashi inateleza tu juu yake, na hii ikiwaka inawaka kwa muda mrefu na kwa joto kali mno.

Kreosoti inaweza kushika moto kwenye nyuzi 230 hivi, na ikishashika joto ndani ya bomba linaweza kuvuka nyuzi 1,000. Sasa fikiria dohani ilivyo: ni njia nyembamba iliyosimama, hewa ya moto inapanda, inavuta hewa mpya kwa chini, hewa mpya inaongeza moto, moto unaongeza mvuto. Ndo maana unanguruma. Vigae vya udongo vilivyojengewa ndani ya bomba vinapasuka, udongo wa kuunganishia matofali unabomoka, bomba la chuma jembamba linapinda au linaachia kwenye maungio, na kupitia ufa wowote moto unafika kwenye mbao za dari na kenchi. Tena mbao hizo zimekuwa zikipashwa miaka yote, na mbao iliyopashwa muda mrefu inafika mahali inashika moto kwenye joto la chini kuliko mbao mpya. Kwa hiyo hata bomba lisipopasuka, joto lenyewe likipenya ukuta linatosha kuwasha mbao iliyobanwa karibu mno.

Tabia zinazojaza bomba

Ya kwanza kabisa ni kuni mbichi. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji, na moto unatumia nguvu yake kuchemsha maji badala ya kuchoma gesi. Kuni salama ni zenye unyevu chini ya asilimia 20, na kufika hapo zinahitaji kupasuliwa na kupangwa mahali penye upepo, zimefunikwa juu tu, miezi 6 kwa uchache na mwaka au zaidi kwa miti migumu. Kipimo cha unyevu kipo na hakina utaalamu wowote, ila pasua kipande kwanza upime upande uliopasuliwa sasa hivi maana nje hukauka haraka na kukudanganya. Kama huna kipimo, kuni kavu zikigonganishwa zinalia kwa sauti kali, zina nyufa kwenye ncha na maganda yanaachia.

Ya pili ni ile ya kujaza jiko magogo usiku na kufunga hewa karibu yote ili moto ufike asubuhi. Naielewa, hakuna anayependa kuamka kwenye baridi, ila usiku mzima bomba linakunywa moshi mzito uliopoa, halafu asubuhi mtu anafungua hewa yote, anatupia maboksi na karatasi, miali inapanda mpaka ndani ya bomba na kukuta lami mbichi inasubiri. Yaani usiku unapaka, asubuhi unawasha. Jiko kubwa kuliko chumba nalo linakupeleka hukohuko kwa sababu utalibana muda wote lisikuchome.

Vingine ni vya ujenzi: dohani iliyopita nje ya ukuta inapoa haraka, bomba pana kuliko linavyohitajika na jiko linafanya moshi upande polepole, na kona nyingi zinakusanya uchafu. Viota vya ndege pia, vinaziba na vinawaka.

Utajuaje kwamba imewaka

Moto wa haraka haujifichi. Unasikia mngurumo mzito kama treni inapita au ndege iko chini chini, bomba la chuma linatetemeka, kuna harufu kali ya lami inayoungua, na nje juu ya dohani unaona cheche nyingi au miali yenyewe pamoja na moshi mweusi. Ukuta wa dohani kwenye vyumba vya juu unakuwa wa moto kuliko kawaida.

Wa polepole ndo unanipa wasiwasi zaidi. Hewa ikiwa haba kreosoti inaungua taratibu, bila kelele, bila miali ya kuonekana nje, na mwenye nyumba hajui mpaka siku ya ukaguzi ndo anaambiwa vigae vimepasuka. Dalili zake zinabaki: magamba ya kreosoti yaliyovimba yakawa mepesi yenye matundu matundu, vipande vyeusi vimetapakaa juu ya paa au chini uani, kofia ya dohani imepinda au imebadilika rangi, ufa mpya kwenye tofali za nje. Ukiona hata kimoja usiwashe tena mpaka bomba likaguliwe.

We ufanye nini, kwa mpangilio huu

1. Toa watu wote nje na piga simu ya zimamoto hapohapo. Usisubiri kuona kama utapungua wenyewe, hata ukipungua waje tu, nitaeleza chini kwa nini. Waambie ni moto wa dohani, nyumba ina ghorofa ngapi, paa ni la nini, kuna jiko la kufunga au meko ya wazi.

2. Kama njia ya kutoka iko wazi na hakuna moshi chumbani, unyime moto hewa. Jiko lenye mlango: funga mlango, funga matundu yote ya hewa. Hiki kitendo kimoja kina nguvu kuliko vingine vyote utakavyoweza kufanya. Na usije ukafungua tena kuchungulia.

3. Meko ya wazi haifungiki hivyo. Usiongeze kuni, fukia makaa kwa majivu au mchanga mkavu kama upo karibu, weka wavu wa kuzuia cheche mbele yake, vuta zulia na viti mbali, toka ufunge mlango wa chumba na madirisha. Kama una kizima moto cha unga unaweza kupuliza kidogo kuelekea mekoni, mvuto wenyewe utaupandisha unga juu.

4. Usimwage maji. Sio mekoni, sio juu ya jiko la chuma, na usithubutu kupanda juu ya paa na ndoo. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke inakuwa lita 1,700 hivi, na mvuke huo ndani ya bomba jembamba unatafuta pa kutokea kwa nguvu, unaweza kupasua dohani au kurudi chini kwenye uso wako. Chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi kinaweza kupasuka.

5. Ukiwa nje, kama una mpira wa maji na unaweza kusimama chini salama, lowesha paa na nyasi kavu pale cheche zinapoangukia. Paa tu, usielekeze maji kwenye dohani yenyewe.

6. Yeyote akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, waambie zimamoto mara moja. Kreosoti ikivimba inaweza kuziba bomba na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi ikarudi ndani, na hiyo haina rangi wala harufu.

Watu wa faya wakifika

Utashangaa kwamba hawakimbilii kurusha maji. Kiongozi wao kwanza anazunguka nyumba nzima akiangalia juu: miali au cheche tu, upepo unapeleka wapi, dohani imeinama au ina ufa, na ndani ya mnara mmoja wa dohani kuna mabomba mangapi, kwa sababu nyumba nyingi zina meko 2 au 3 zinazotokea mnara mmoja na lazima wajue lipi linawaka. Atakuuliza maswali mengi, jibu kwa ufupi na kwa ukweli, hata kama ulikuwa unachoma takataka sema, inawasaidia.

Halafu wanagawana. Kundi moja linaingia chumba chenye meko, lingine linapanda vyumba vya juu na darini, na kama ni lazima lingine linaenda paani. Wanaofanya kazi kwenye moshi wanavaa barakoa na mitungi ya hewa mgongoni, na mara nyingi wana kifaa cha kupima kaboni monoksaidi.

Chumbani wanatandika turubai sakafuni na juu ya vyombo, kisha wanatoa moto wenyewe mekoni: makaa na magogo yanazolewa kwa koleo yanawekwa kwenye ndoo ya chuma, yanapelekwa nje mbali na nyumba ndo yanamwagiwa maji huko. Hii inaonekana kazi ya kawaida tu lakini chanzo cha joto kikishaondoka chini, nusu ya vita imekwisha. Wanaweza kuchungulia bomba kwa kioo kilichofungwa kwenye mpini, ili mtu asiweke uso wake chini ya vipande vya moto vinavyodondoka.

Sasa kuzima kwenyewe, na hapa nchi zinatofautiana.

Uingereza njia ya miaka mingi ni vijiti vya dohani. Vijiti vinaunganishwa kimoja baada ya kingine, cha mbele kimebeba mdomo mdogo wa kupulizia maji uliounganishwa na mpira mwembamba, wanausukuma kutoka mekoni kwenda juu taratibu. Maji yanatoka kama ukungu, kidogo kidogo, wanapuliza, wanaacha, wanasikiliza, wanapuliza tena. Joto la bomba linageuza ukungu kuwa mvuke na mvuke ndo unaopanda kuzima, kwa kupoza na kusukuma oksijeni nje. Kazi nzima inaweza kuisha kwa maji machache sana, mara nyingine wanayavuta kwa pampu ya mkono kutoka kwenye ndoo, na chumba kinabaki karibu kisafi.

Marekani vikosi vingi vinapenda unga mkavu, uleule wa vizima moto. Wanaugawa kwenye vifuko vyepesi vya plastiki, mzima moto anapanda na ngazi, wenzake wa chini wanapewa taarifa na mlango wa jiko unafungwa, kisha anadondosha kifuko kimoja kutoka juu. Plastiki inayeyuka, unga unatawanyika kwenye kuta zinazowaka. Wanasubiri, wanaangalia, wanadondosha kingine. Baada ya hapo wanaweza kushusha mnyororo wenye uzito na kuuzungusha ili kubandua kreosoti iliyobaki, wenzao chini wanazoa.

Ujerumani na Austria wazima moto wanafundishwa kabisa kwamba maji ndani ya dohani ni marufuku, kwa sababu ya ile hesabu ya lita 1 kuwa 1,700. Wanamwita mfagia dohani mwenye leseni aje na brashi na minyororo yake, wanatoa makaa kupitia kile kimlango cha kusafishia kilicho chini ya dohani, na mara nyingine wanaamua kuacha kreosoti iungue yote mpaka iishe huku wamesimama kila ghorofa na vizima moto mkononi, wamesogeza makabati, wanapima ukuta. Bomba nalo wanaangalia lisizibe, maana kreosoti inayovimba ikiziba njia, joto na mvuke vinakosa pa kwenda.

Ukisoma haraka utaona kama wanapingana ila mimi naona wote wanaogopa kitu kilekile: maji mengi ya ghafla kwenye kitu cha moto sana. Ukungu mdogo ulio mkononi mwa mtu anayejua ni jambo moja, mpira mkubwa kutoka juu ya paa ni jambo lingine kabisa. Huo wa pili unapasua vigae, unawaunguza kwa mvuke walio chini, na unashusha matope meusi sebuleni.

Juu ya paa wana tahadhari zao. Wanatumia ngazi yenye ndoano inayoshika mgongo wa paa, wanafikia dohani kutoka upande upepo unakotoka, hawaegemei mnara maana unaweza kuwa umelegea tayari, na hakuna anayeinamisha kichwa juu ya tundu.

Ukaguzi ndo kazi kubwa

Nilisema piga simu hata kama mngurumo umeisha. Sababu ni hii: moto ndani ya bomba ukizimika, ule ulioingia kwenye mbao bado unaweza kuwa unafuka polepole nyuma ya ukuta, na ukaibuka baada ya saa nyingi, saa ambayo watu wamelala.

Kwa hiyo wazima moto wanapita urefu wote wa dohani, ghorofa kwa ghorofa hadi darini, na kamera ya joto inayoonyesha sehemu iliyozidi wenzake, na wasipokuwa nayo wanatumia mgongo wa mkono. Wanaangalia pale bomba linapopenya sakafu na paa, wanaangalia viunzi vilivyozikwa ukutani, na nyumba zilizoshikana ukuta wanagonga hodi kwa jirani pia. Pakiwa na joto la mashaka wanatoboa, wanafungua ukuta au dari kidogo waone kwa macho. Tafadhali usigombane nao kwa ajili ya tundu la ukutani, tundu linazibwa, na wao hawatobolei kujifurahisha. Vikosi vingine vinarudi tena baadaye kukagua upya. We mwenyewe usiku huo hakikisha ving'amuzi vya moshi na vya kaboni monoksaidi vinafanya kazi, na mtu mmoja abaki macho apite kila baada ya muda kugusa kuta.

Majivu nayo, hayo usiyapuuze. Makaa yaliyofukiwa na majivu yanaweza kubaki hai siku kadhaa. Ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, juu ya zege au udongo mtupu, sio kwenye baraza la mbao na sio kwenye pipa la plastiki.

Kabla hujawasha tena

Usiwashe, hata moto mdogo wa kujaribu. Fundi wa dohani apitishe kamera ndani ya bomba lote, maana ufa mwembamba wa kigae hauonekani kwa tochi. Kikiwa kimepasuka, tiba ya kawaida ni kuingiza bomba la ndani la chuma kisichoshika kutu, linaloendana na ukubwa wa jiko lako, au kubadilisha vigae. Bomba la chuma la kiwandani ambalo limepitiwa na moto mara nyingi linabadilishwa vipande vyake, hata likionekana zima kwa nje.

Kisha weka ratiba. Kagua mara 1 kwa mwaka kwa uchache, kabla ya msimu wa baridi. Kipimo rahisi ni unene: uchafu ukifika milimita 3 fagia, ukifika milimita 6 acha kuwasha kabisa kwa sababu hapo upo wa kutosha kuzaa moto mkubwa. Brashi iwe ya ukubwa uleule wa bomba na aina inayofaa, ya waya kwa vigae na laini zaidi kwa bomba la chuma. Lami ya daraja la tatu usihangaike nayo mwenyewe, fundi ana dawa za kuifanya ikauke na ikatike, na ana minyororo ya kuzungusha. Yale magogo ya dukani yanayosemwa yanasafisha dohani yanaweza kukausha kreosoti kiasi lakini hayafagii chochote, brashi bado inahitajika palepale.

Hili la dohani chafu ni la zamani kuliko magari ya zimamoto. Mwaka 1648 New Amsterdam, mji ambao leo ni New York, viongozi waliteua watu wa kupita nyumba kwa nyumba kukagua mabomba ya moshi, na faini za wenye dohani chafu zikatumika kununua ngazi, ndoo na ndoano za kuzimia moto.

Na moto wa kila siku uwashe hivi: magogo makubwa mawili chini, vijiti vyembamba juu yake, washa kwa juu ushuke, hewa ikiwa wazi. Bomba linapata joto mapema na moshi wa mwanzo ni mchache. Weka kuni kidogo kidogo zinazowaka kwa miali badala ya kujaza jiko na kulibana. Kwa bomba la chuma la ukuta mmoja bandika kipimajoto cha sumaku sentimita 45 hivi juu ya jiko, sindano ikae kati ya nyuzi 120 na 240. Chini ya hapo kwa muda mrefu unatengeneza kreosoti, juu ya hapo punguza hewa. Maboksi, karatasi za zawadi, matawi makavu yenye majani na mbao zilizopakwa rangi zisiingie kabisa, hata kama ziko karibu na unataka tu kuzimaliza.